Mazoezi ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo: alifanya mwenyewe, hatukumfanyia

Mimi ni fundi seremala wa Keko, sio daktari wala sio mtaalamu wa mazoezi, kwahiyo haya nayoandika yachukulieni kama maneno ya baba tu ambaye binti yake ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia akiwa mdogo ukawa hauongozi mwili vizuri, na sasa hivi ana miaka nane. Naandika kwasababu wazazi wapya tunaokaa nao benchi moja kliniki wakimuona anatembea na woka yake, ile fremu ya kushika ya kutembelea, swali lao ni lilelile, "mlimfanyia mazoezi gani mpaka akafika hapo?" na jibu langu huwa linawakera kidogo, maana nawaambia hatukumfanyia, alifanya mwenyewe. Wengine wanaona najidai. Ngoja nieleze vizuri ili nieleweke.

Binti alizaliwa njiti, miezi saba, mke wangu akakaa naye wodini siku nyingi anambeba kifuani ngozi kwa ngozi mpaka akaongeza uzito tukaruhusiwa. Kufika umri ambao wenzie wanakaa yeye hakai, na ukimshika kwapani umsimamishe miguu inakaza yote, anasimama kwa ncha za vidole halafu miguu inapishana. Mikono ilikuwa na nafuu. Daktari wa watoto alimuangalia akasema ni mtindio wa ubongo, ule wa kukaza, na umekamata miguu zaidi kuliko mikono. Nikamuuliza kwanini miguu, akanieleza kwamba kwa watoto njiti sehemu ya ubongo inayoumia kirahisi ni ile iliyo jirani na vyumba vya maji vya ndani ya ubongo, na nyuzi zinazopeleka amri kwenye miguu zinapita hapohapo, za mikono zinapita mbali kidogo. Yaani misuli yenyewe haina ugonjwa, ni kama nyumba ambayo taa ni nzima ila waya wa darini ndio umeungua. Hiyo ilinisaidia sana kuelewa kwanini kumkanda kanda miguu peke yake hakuwezi kuwa ndio dawa.

Kwenye lile benchi utakuta kila mtoto ana njia yake. Wapo waliochelewa kulia walipozaliwa, wapo waliopata manjano kali siku za mwanzo, wapo waliokuwa wazima kabisa mpaka malaria ikapanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Kidonda cha kwenye ubongo hakiongezeki, hilo mtaambiwa, ila mwili unakua na mifupa inarefuka wakati misuli iliyokaza inabaki nyuma, ndio maana mtoto ambaye hashughulikiwi anaweza akawa vibaya zaidi akiwa na miaka kumi kuliko alivyokuwa na mitatu.

Upande wa familia nisiseme sana kila mtu anajua. Mama mkwe alikuja kutoka Mkuranga na ushauri wa kumchimbia mtoto shimo kwenye mchanga, unamfukia mpaka kiunoni asubuhi na jioni ili miguu ipate nguvu. Sikubishana naye, shikamoo mama, marahaba, nikamwambia mama hilo wazo la kumsimamisha umelipatia ila tutamsimamisha juu ya mchanga badala ya ndani. Akacheka. Miezi ya baadae nilipotengeneza fremu ya kusimamia yeye ndio alikuwa wa kwanza kumfunga mikanda mjukuu wake, na mpaka leo anawaambia watu wa kwao kwamba ile fremu ni wazo lake. Sina neno, kwa namna fulani ni kweli.

Sasa mazoezi. Kliniki ya mwanzo tuliyokuwa tunaenda, siitaji, ilikuwa hivi: mnafika alfajiri, foleni ya kina mama na watoto mgongoni, baba mimi peke yangu au tuko wawili, mtoto anaitwa, analazwa kwenye godoro, anavutwa mguu wa kulia, anavutwa wa kushoto, analia, anakunjwa, ananyooshwa, "haya mama mrudishe wiki ijayo, na nyumbani mfanyie hivyohivyo". Dakika chache mno. Mtoto akawa akiona tu lile geti anaanza kulia tukiwa bado kwenye bajaji. Nyumbani mke wangu anamvuta, mtoto analia, majirani wanagonga. Siwalaumu wale wataalamu, watoto ni wengi na wao wawili, ila kama mzazi lazima ufike mahali ujiulize, huyu mtoto akishanyooshwa anajifunza nini? Anajifunza kulala chali na kulia.

Baadae tukahamishiwa kwa dada mmoja wa mazoezi, amesoma Moshi pale hospitali ya KCMC ambako wataalamu wengi wa fani hizi hapa nchini ndiko walikopita, yeye siku ya kwanza hakumgusa mtoto. Alikaa chini kwenye jamvi akatuuliza, huyu anataka nini? Mimi na mke wangu kwa pamoja, atembee. Akasema hapana, nyie ndio mnataka atembee, nauliza yeye anataka nini. Tukaangaliana. Mke wangu akasema basi labda kikombe, maana kaka yake akinywa uji huyu analia anataka ashike kikombe mwenyewe lakini akishika anamwaga na akikaa anaanguka. Dada akasema basi hilo ndio zoezi lenu, kikombe. Nikaona huyu anatania, tumetoka nyumbani Mbagala mpaka hapa kuja kufundishwa kushika kikombe?

Lakini angalia kilichomo ndani ya kikombe. Ili anywe lazima akae, ili akae lazima kiuno kitulie na miguu itanuke isipishane, lazima kichwa kikae katikati, mikono miwili ije mbele, macho yaangalie, midomo ifunge. Na anarudia mwenyewe bila kulazimishwa kwasababu uji anautaka! Kumvuta mguu ulikuwa unamaliza mara ishirini amechoka amenuna, kikombe alikuwa anajaribu asubuhi nzima. Tukapewa kazi ya kuandaa mazingira tu: akae vizuri, kikombe kiwe na masikio mawili, uji uwe mzito kidogo na uwe nusu, na sisi tukae pembeni tusimsaidie haraka. Hilo la mwisho ndio gumu kuliko yote, nawaambieni ukweli, kukaa unamuangalia mwanao anahangaika na mikono yako iko tupu.

Ndio maana nasema alifanya mwenyewe. Na sio maneno ya mtaani haya. Kuna mtafiti wa Australia anaitwa Iona Novak na wenzie, mwaka 2013 na tena 2020 walikusanya tafiti za matibabu ya mtindio wa ubongo wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani, kijani endelea, njano kuwa makini, nyekundu simama. Yaliyokaa kwenye kijani upande wa mwili ni yale mazoezi ambayo mtoto mwenyewe anafanya kitu halisi, chenye lengo, mara nyingi, kwenye mazingira yake ya kawaida. Yale ya kumshika na kumgeuzageuza mtoto ametulia tu huku mtaalamu ndio anafanya kazi hayakupata alama nzuri. Na kwenye nyekundu ipo ile ya kumuingiza mtoto kwenye chumba cha oksijeni ya presha ambayo kuna watu wanachangishana mamilioni kwenda nayo nje ya nchi. Dada wa mazoezi alivyonielezea hiyo ya taa nilimuuliza kwanini basi huko kwingine wanavuta tu, akanijibu baba, kuvuta hakuhitaji kumjua mtoto.

Nisieleweke vibaya, miguu inayokaza inahitaji kunyooka. Ila kunyoosha kwa mkono dakika mbili halafu mtoto akakae masaa kumi amekunja, ile haibaki. Kinachosaidia ni misuli kukaa imenyooka muda mrefu, kwahiyo unatumia splinti za miguu, yaani vifaa vigumu vya kuvaa vinavyoushika mguu kwenye mkao wake, unatumia plasta ngumu kama za mtu aliyevunjika wanazobadilisha kila baada ya siku kadhaa kwa kifundo kilichoanza kufupika, unatumia kusimama. Yaani unyooshaji unauingiza kwenye maisha. Anachora akiwa amesimama kwenye fremu, anaangalia katuni akiwa amesimama, mama yake anamsuka akiwa amesimama.

Hapo sasa ndio ufundi wangu ukaingia na nikaanza kujiona na mimi nina kazi kwenye hili jambo, maana wanaume wengi tunakimbia sio kwasababu hatupendi watoto, tunakimbia kwasababu hatujui tufanye nini. Dada alinipa picha ya kiti cha kona. Ni mbao mbili zinazokutana kwa pembe nyuma ya mgongo, mtoto anakaa kwenye kona mabega yanakuja mbele kidogo, katikati ya mapaja kuna kigingi kilichovikwa sponji cha kutanua miguu, mbele kuna meza iliyokatwa nusu duara ya kuegemea viwiko. Nikapiga cha kwanza kwa vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye kabati la mteja. Kilikuwa kizuri kwa macho ila siku ya kwanza binti akawa anateleza anashuka chini. Dada akaja kukiona akaniambia kina cha kiti kimezidi. Kanuni ni hii: toka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, halafu toa kama vidole viwili. Kikizidi mtoto anavutika mbele anakaa kwa mgongo, kikipungua paja linaning'inia. Nyonga iwe pembe mraba, goti pembe mraba, nyayo zote zikanyage, meza iwe usawa wa kiwiko. Ukipata hivyo vitu vinne mikono ya mtoto inafunguka yenyewe, nimeona kwa macho, mtoto alikuwa anakunja ngumi masaa yote, ukimkalisha sawasawa vidole vinaachia.

Ambaye hana fundi wala mbao kuna viti vya makaratasi. Sicheki. Unachukua maboksi, unagandisha tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, unaacha ikauke, unapata ubao mgumu ambao mtu mzima anaweza kukalia. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe ukasambaa huku kwetu na Kenya pia wanautumia sana. Mimi kama seremala kwanza nilidharau, halafu nikakalia kimoja mwenyewe nikanyamaza. Shida yake ni maji tu, usikiache nje masika.

Mgongoni je? Kina mama wengi wanaogopa wakidhani kumbeba mtoto mgongoni kunamharibu. Sisi tuliambiwa mgongoni kwa khanga ni pazuri sana kwa mtoto anayekaza, mradi miguu itanuke ikumbatie kiuno cha mama, maana nyonga inakaa kwenye mkao wake. Na ukimbeba mbele mkalishe ubavuni mguu mmoja huku mwingine kule, usimbebe kama kichanga amenyooka wima miguu imebanana. Ila mgongo wa mama nao una mwisho, mtoto akifika kilo kumi na tano mke wangu alianza kulala na maji ya moto kiunoni, na hapo ndio niligundua nusu ya vifaa nilivyotengeneza vilikuwa vinamsaidia yeye kuliko mtoto.

Kulisha nako ni mazoezi na hapa naomba msiruke. Mtoto anayelishwa amelala au kichwa kimeangalia dari chakula kinaingia njia ya hewa, ndio zile kifua zisizoisha, na mtoto anayeumwa kifua kila mwezi hana nguvu za kujifunza chochote. Mkalishe, kidevu kishuke kidogo, kijiko kije kutoka mbele usawa wa mdomo sio kutoka juu, subiri afunge mdomo mwenyewe usimpanguse kijiko kwenye meno. Inachukua muda. Ndio, inachukua muda.

Kuna kijana mmoja rafiki yake binti yangu, yeye tatizo lake ni upande mmoja, mkono wa kulia ameukunja anausahau kabisa anafanya kila kitu kwa kushoto. Mama yake ni mama ntilie pale karibu na karakana. Wale wakapewa njia nyingine, ule mkono wa kushoto ambao hauna shida unavikwa soksi nene au glovu kwa muda maalum kila siku ili ule dhaifu usiwe na pa kujificha. Nilimuonea huruma mtoto nikasema sasa hii si adhabu? Kumbe ni moja ya zile zenye ushahidi mkubwa. Sweden walijaribu kwa watoto wadogo, glovu masaa mawili kwa siku kwa miezi miwili hivi, na michezo iliyopangwa kwa mkono ule dhaifu, na mikono ikafunguka. Siri iko kwenye michezo, ukimvika soksi halafu ukamuacha analia umemtesa bure. Mama yake akawa anampa kazi ya kuchambua maharage, kuokota vipande vya nyanya, kubandika na kubandua vifuniko vya chupa. Baada ya hapo wakahamia kazi za mikono miwili, kukanda unga, kufungua mfuko, kushika sahani huku anasugua. Sasa hivi huyo bwana mdogo anapanga viti vya wateja na anajua nani hajalipa.

Niingie kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Watoto hawa hawafiki wote sehemu moja, na haitegemei bidii ya mzazi peke yake. Kuna kipimo cha uwezo wa mtoto kukaa na kutembea kinaitwa GMFCS, kilitolewa Canada mwaka 1997 na Palisano na wenzie, kina ngazi tano. Ngazi ya kwanza anatembea na kukimbia ila anayumba kidogo, ya pili anatembea ila kupanda ngazi na kupita sehemu mbaya kunampa shida, ya tatu anatembea na kifaa cha kushika, ya nne anahitaji kiti cha magurudumu sehemu nyingi, ya tano hata kichwa na mgongo vinahitaji kushikiliwa. Binti yangu yuko ya tatu. Na mwaka 2002 hao hao wa Canada walifuatilia watoto mamia wakachora mistari inayoonyesha mtoto wa kila ngazi anavyopanda na wapi anafika, wakaona kwamba mtoto wa ngazi ya kwanza anafikia sehemu kubwa ya uwezo wake wa mwili, kama asilimia 90, akikaribia miaka mitano, na wa ngazi ya tano anafikia kabla hata ya miaka mitatu.

Nilivyoambiwa hivyo usiku sikulala. Ila asubuhi nikaona kwamba kuna vitu viwili hapo. Kwanza, ile miaka ya mwanzo ni dhahabu, mtu anayekwambia "subiri atakuja kutembea tu, hata mjomba wake alichelewa" anakupotezea dhahabu yako. Pili, ukishajua ngazi unaacha kugombana na mwili wa mtoto. Kuna mama wa mtoto wa ngazi ya tano alikuwa anazunguka kwa waganga, kwa manabii, kwa watu wanaouza dawa za kusimamisha watoto, kila mahali anaahidiwa miguu. Dada wa mazoezi akamwambia mama, mwanao hatatembea, naomba tumfundishe kukuambia ndio na hapana kwa macho. Alilia yule mama, sisi wote pale benchi tulilia. Lakini leo hii yule mtoto akiulizwa ugali au wali anajibu. Na amekalishwa vizuri, hana vidonda, kifua kimepungua. Nikilinganisha na wale waliokuwa wanafukuzia miguu mpaka leo, naona huyu mama amefika mbali zaidi, na kama kuna mtu anabisha aje akae na yule mtoto nusu saa.

Nyonga. Hii naiandika peke yake kwasababu hakuna aliyetuambia mapema mpaka tulivyokutana na daktari wa mifupa. Misuli ya ndani ya paja inayokaza inavuta mfupa wa paja kidogo kidogo unatoka kwenye kikombe chake cha nyonga, na mtoto mwanzoni halii wala huoni kitu kwa macho. Kwa watoto wote wenye mtindio wa ubongo karibu theluthi moja inawapata, na kadri ngazi inavyopanda hatari inapanda, wa ngazi ya kwanza karibu hakuna, wa ngazi ya tano ni karibu wote, kama 9 kati ya 10. Kwahiyo ni eksirei, hata kama mtoto anaonekana mzima, na irudiwe kama daktari atakavyopanga. Ikikamatwa mapema kuna operesheni ndogo ya kulegeza misuli, ikichelewa ni kukata mifupa. Ukiona kumvalisha pampasi kumekuwa kugumu kuliko zamani, au mguu mmoja unaonekana mfupi, usingoje tarehe ya kliniki.

Dawa zipo pia. Kuna vidonge vya kulegeza misuli, kuna sindano ya botoksi inayopigwa kwenye msuli wenyewe kuulegeza na inafanya kazi kama miezi mitatu. Binti yangu alipigwa mara moja kwenye misuli ya nyuma ya mguu, bei yake ilinifanya niuze randa ya umeme. Nachoweza kusema ni kwamba sindano inafungua mlango tu, ile miezi mitatu kama hamfanyi mazoezi ya kazi halisi, msuli unarudi kukaza na pesa imekwenda. Sisi tulipanga mapema kwamba akipigwa tu tunaanza choo.

Ndio, choo. Alivyofika miaka mitano dada alimuuliza tena unataka nini, safari hii akajibu mwenyewe: anataka aende chooni bila mama. Kwa miaka yote mimi nilikuwa nafikiria kutembea, mtoto anafikiria aibu. Choo chetu ni cha kuchuchumaa na yeye kuchuchumaa hawezi. Nikatengeneza stuli ya mkongo yenye tundu, miguu minne imetanuka isipinduke, mikono ya kushika pembeni, nikapaka rangi ya mafuta ili ioshwe. Halafu njia ya kufika. Toka mlango wa chumba mpaka chooni ni hatua kama kumi na mbili za mtu mzima, nikachimbia mirunda miwili miwili nikapitisha mabomba usawa wa kiuno chake, akawa anapita katikati anashika huku na huku. Zile bomba za kliniki alikuwa anazichukia, anapita mara mbili anakaa chini. Hizi za chooni alikuwa anapita kila siku mara zote anazotaka kwenda, na mara nyingine nilimshuku anaenda bila haja yoyote, anaenda tu ili aonekane anaenda. Kuvua na kuvaa chupi kulichukua muda mrefu zaidi kuliko kutembea, mke wangu akamshonea sketi za mpira kiunoni, suruali tukaziweka kando.

Woka ilikuja baadae. Tulipewa moja ya msaada, nzuri ya aluminiamu, ila magurudumu yake madogo ya kutembelea kwenye marumaru. Mtaa wetu ni mchanga mtupu, inazama. Nikaenda kwa jamaa wa kuchomelea tukaiga ile ile kwa bomba jepesi, ni ile inayokaa nyuma ya mtoto sio mbele, maana ya mbele inamfanya ainame aikimbilie na ya nyuma inamfanya asimame wima, tukaifunga magurudumu ya baiskeli ya mtoto na kizuizi asirudi kinyumenyume. Ilitoka nzito kidogo. Tukapunguza bomba za chini. Siku alipokwenda dukani peke yake kununua ubuyu, muuza duka alimpa chenji na kumpa ubuyu mkononi, mikono yote iko kwenye woka, akarudi analia ameviacha. Jioni hiyo nikafunga kikapu. Nalisema hili kwasababu hakuna kliniki ingeweza kujua kwamba kilichobaki kwenye kutembea kwake ni kikapu.

Sasa hivi yuko darasa la pili. Shule ilimpokea baada ya mazungumzo, mwalimu mkuu ni muungwana, ila kuingia darasani kuna ngazi tatu za kupanda na vyoo viko mbali. Kwenye ngazi nimeshaweka mteremko wa mbao wa muda, kila kipimo kimoja cha kwenda juu vipimo kumi na mbili vya kwenda mbele, ukiwa mfupi zaidi ya hapo mtoto hawezi kujisukuma. Kamati ya shule inajadili wa zege. Mbali na hapo kliniki tunaenda mara chache, kwa ajili ya splinti na eksirei na kubadilisha lengo. La sasa ni kusimama kwenye mstari asubuhi wimbo wa taifa mpaka uishe bila kuegemea, amelitaja yeye.

Mafundi wenzangu wananiuliza vipimo vya kiti cha kona, vya fremu, vya stuli. Usichukue vipimo vyangu, kila mtoto ana vyake na kila baada ya miezi sita saba vinabadilika, ndio maana vya kwangu navifunga kwa skrubu sio gundi, ubao wa kukalia na wa miguu viweze kusogezwa. Kwa fremu ya kusimamia hakikisha kuna mkanda kifuani, kwenye makalio, na kizuizi mbele ya magoti, na kila mguu uende nje kidogo, sio kubananisha. Muda tuliopewa sisi ni karibu saa moja kwa siku, siku nyingi za wiki, ukianza na dakika chache. Kona zote piga msasa, msumari usionekane, sponji ivikwe leza sio kitambaa, kitambaa kinanuka mkojo. Na unapompima urefu wa kutoka sakafuni mpaka chini ya goti, mpime akiwa amevaa splinti na viatu vyake, maana ukimpima peku kiti kitamrudi kifupi na utairudia kazi yote.